Jaribu, Usisakinishe

Kuna jambo moja Wivine hajalipatia jibu hata leo: mfumo unaosahau kila kitu ukizimwa ulimjuaje mtoto wake?

Kompyuta yao ya nyumbani, pale mtaa wa Mabanga, Goma, ilikuwa imekataa kuwaka. Ndani yake zilibaki picha pekee za Bénie, binti yao wa miaka saba, aliyepotea katika msongamano wa watu waliokimbia mabomu. Wanaotafuta watoto waliopotea walitaka picha. Mumewe, Cyprien, akasema kuna njia salama: kuiwasha kwa mfumo mwingine uliowekwa kwenye clé, kile kijiti cha USB.

"Usiogope, Mama Bénie. Système ya pili inakaa juu ya clé tu. Tunaijaribu, tunatosha mapicha tunaweka mu simu, tunachomoa clé. Disque hatuiguse."

"Na clé umeipata wapi? Maduka yote yamefungwa."

Cyprien akaonyesha chumba cha nyuma. Humo kulikuwa na mfuko wa Nyiramahirwe, mama mzee aliyekimbia kutoka Kibumba wakamlaza wiki tatu. Alipoondoka aliwaambia: mutanichungia, musifungue. Nyumba nyingi za Goma zina mizigo ya namna hiyo, na haiguswi hata mwenyewe akikawia miaka.

"Ulifungua mufuko wake! Clé ilikuwa na nini ndani?"

"Sijui. Niliifuta."

Kompyuta ikawaka. Ulikuwa mchana kweupe, lakini harufu iliyotoka kwenye feni yake ilikuwa ya majivu ya volkano yaliyonyeshewa. Picha zilikuwepo: Bénie, gauni la njano, nyuma yake ukuta wa mawe meusi. Cyprien akahamishia moja kwenye simu. Kwenye simu ulionekana ukuta peke yake. Walipogeuka kwenye kompyuta, Bénie alikuwa amesogea mbele hatua moja.

Cyprien akazima, akawasha. Mfumo wa kujaribu huanza upya kila mara, kama mtu asiye na jana. Lakini Bénie alikuwa amesogea tena, na mbele ya kifua chake kulikuwa na neno moja la kubonyeza: *Sakinisha*. Kubonyeza hapo ni kuuingiza mfumo ndani ya diski na kufuta vyote vilivyomo.

Cyprien akavuta clé, haikutoka, akakimbilia mlango ambao hawakuwa wameufunga, haukufunguka, akausukuma kwa bega huku risasi zikilia upande wa barabara kubwa na harufu ya majivu ikizidi kujaa mpaka machozi yakawatoka, na ndani ya kishindo hicho chote Wivine akasikia kutoka kwenye kompyuta sauti ndogo, ya upole, anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe, ikisema: "Mama, nipe nyumba."

Akapiga kelele dirishani. Majirani wakamwita Mwalimu Yusufu wa mtaa wa Majengo, anayejua mambo ya mapepo, akaja akijibanza kwenye kuta. Alisimama nje ya nondo za dirisha, akasikiliza habari ya clé na mfuko wa mama wa Kibumba, akanusa.

"Papa, mulivunja nyumba ya mutu."

"Ya nani, Mwalimu?"

"Ule alikuwa anakaa mu ile clé. Haiko mutoto yenu. Anavaa sura yake sababu yeye hana sura."

"Umufukuze basi!"

"Nimufukuze aende wapi? Barabara ya Kibumba imefungwa. Naye ni mukimbizi sawa wengine." Akashusha sauti. "Mumupatie disque yote ikuwe nyumba yake. Atawaachilia. Kisha muichunge mu mufuko wa ule mama, mupaka mwenyewe arudie."

"Na Bénie?" Cyprien akanong'ona. "Tutamutafuta na nini?"

Mwalimu akamgeukia Wivine.

Wivine akavuta kiti, akakaa mbele ya ule uso uliokuwa sasa umejaa kioo kizima. "Andika," akamwambia mumewe. Akataja pengo la jino la juu, kovu juu ya nyusi ya kushoto, sikio moja lililotoboka vibaya. Alitaja mpaka hakukubaki kitu. Wakakubaliana: diski apewe mkimbizi yule, na sura ya Bénie aibebe mama yake kinywani, aisimulie kambi kwa kambi.

Mkono wa Cyprien ulifika kwenye souris, kile kipanya cha kompyuta, ukarudi.

Aliyebonyeza ni Wivine.