Jina Kwenye Chungu cha Cheptais

Aliyemwambia Nasambu kwanza kuhusu shule ya kuchimba mambo ya kale ni Rosaline, jirani yake wa mlango kwa mlango kule Tuwan, Kitale.

"Mama Ian, si wewe una mwandiko wa kupendeza? Twende wote. Ni likizo ya Agosti tu, na mwishoni unapewa cheti."

Cheti! Nasambu aliishia darasa la nane, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwalika shule yoyote. Akamfunga mgongoni Ian, mtoto wa miezi saba, wakapanda mlima hadi Cheptais, ambako mwalimu Kiragu wa chuo kikuu alikuwa akifundisha wanafunzi kufukua boma la watu wa zamani. Nasambu akapewa kazi ya lebo. Kila kilichotoka ardhini kilitiwa kwenye mfuko pamoja na karatasi yenye tarehe, nambari ya shimo na jina la aliyekifukua.

Siku ya tisa, saa sita mchana, shimo la nne likaanza kunuka maziwa. Si ya ng'ombe. Yalikuwa maziwa ya mama, yale yanayochachia kwenye nguo. Rosaline alikuwa humo ndani na mwiko wake wa kuchimbia, na mbele yake kulikuwa na chungu kidogo kilichofunikwa kwa jiwe bapa. Chesang, mama wa Kisabaoti aliyewapikia, akachungulia, akamnong'oneza Rosaline jambo, kisha akashuka mlima bila hata kuepua sufuria yake.

"Amesema nini?" Nasambu aliuliza.

"Ati chakula kimeiva." Rosaline akatoka shimoni. "Mama Ian, kwa hiki andika ni wewe umefukua."

"Lakini si ni wewe?"

"Nakupea tu, bana. Mwalimu akiona jina lako hapo, atakukumbuka. Andika vizuri."

Kwa wema ule, machozi yalimlengalenga Nasambu. Akaandika jina lake herufi kwa herufi, asikosee hata moja.

Jioni hiyo Ian alianza kulia. Akakataa titi. Kliniki hawakuona ugonjwa. Siku ya tatu Nasambu akamkimbiza Misikhu, nyumbani kwa bibi yake, kukhu Nabwile.

"Huyu analilia jina," kukhu alisema.

Kwa Wabukusu hilo si fumbo. Mtoto asiponyamaza, kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Wafu hutajwa mmoja mmoja, na likifika jina lenyewe, mtoto hutulia.

Kukhu akampakata, akaanza. Nyongesa. Phelista. Zachary. Jua likatua na majina yakaendelea, ya upande wa baba na ya upande wa mama, ya waliozikwa kwa jeneza na ya waliozikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na kadiri alivyotaja ndivyo kilio kilivyozidi kushuka, kikawa kama hakitoki tena kinywani mwa Ian bali chini ya sakafu, kama mtu anayelia akiwa ndani ya chungu, na harufu ile ya maziwa yaliyochacha ikajaa nyumba nzima hadi kuku wakatoka bandani wakakimbilia shambani gizani, mpaka sauti ya kukhu ikakauka, akageuka na kusema:

"Nasambu, niletee maji."

Ian akanyamaza.

Akainua macho, akamtazama mama yake, akatabasamu polepole kama mtu mzima.

"Hilo ni jina la mtu aliye hai," kukhu akanong'ona. "Mjukuu wangu, nani amekuweka kwa wafu?"

Nasambu akakumbuka lebo ya chungu, akampigia Rosaline simu. Rosaline akaangua kilio.

"Niko na mimba, Mama Ian. Chesang alisema huyo ni mtoto alizikwa bila jina, akageuka jini. Anamfuata mwenye kumfukua mpaka nyumbani. Miaka saba nimetafuta mtoto. Ningefanya nini?"

"Na mimi je? Si nina mtoto?"

"Wewe utapata mwingine."

Rosaline akakata simu. Nasambu akamweleza kukhu habari ya chungu na lebo.

"Mtoto huyo wa chungu amelivaa jina lako," kukhu alisema. "Maadamu Nasambu yuko hapa, ana njia ya kuingia. Lazima Nasambu azikwe."

Asubuhi yake, umande ukiwa bado majanini, Nasambu alikata shina la mgomba, kama linavyozikwa mahali pa mtu ambaye mwili wake haupo. Kaburi alilichimba mwenyewe, kuta zimenyooka. Kukhu akaomba, akamnyoa Nasambu kichwa. Udongo ulipofunika shina, Ian akashika titi, akanyonya kwa pupa.

Ndipo simu ikalia.

"Nasambu! Nasambu, nisaidie!" Ilikuwa sauti ya Rosaline, na karibu naye kabisa alilia mtoto mchanga ambaye hakuwa amezaliwa bado.

"Umekosea namba," akajibu yule mwanamke mwenye kipara. "Nasambu tumemzika sasa hivi."

Akazima simu, akamhamishia Ian titi la pili.