Misa ya Arobaini ya Mama

Nitasema yote, maana kuficha ndiko kulikonifikisha hapa.

Mama alifia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mimi nikiwa Dallas. Sikulia. Simu ilinikuta nikipanga maboksi kwenye bohari kule Mesquite, nikaipokea, nikamaliza zamu. Kabla hajafa alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: siku ya arobaini asomewe misa katika kanisa kubwa la huku Marekani. Nikakubali. Halafu nikachukua ovataimu wiki tatu mfululizo, wala sikwenda kuandikisha nia ya misa. Siku ikafika.

Mdogo wangu Anastasie, aliyebaki kambini, alisema atakesha na majirani ili waione misa kwenye simu. Nikamjibu waje tu, kila kitu kiko tayari.

Jioni hiyo Déo, tunayefanya naye kazi, alinishusha katikati ya mji, mbele ya kanisa kuu la zamani. Alinitania nimwombee na yeye, asije akaungua motoni peke yake bila mtu wa kupiga naye stori. Sikuweza hata kutabasamu.

Ndani hapakuwa na mtu ila mzee Mark, mlinzi wa kanisa. Aliniambia ibada ilikwisha mchana, atafunga baada ya dakika kumi.

Nikainua macho. Sijasoma sana, lakini niliona kazi ya watu waliomwogopa Mungu. Nguzo nyembamba za mawe zinapanda, zinapanda, halafu kule juu zinatawanyika kama vidole na kushikana, zinakuwa matao yenye ncha. Vioo vya rangi vilikuwa vinazimika kimoja kimoja, buluu ikibaki ya mwisho. Uzuri ule ungemliza mtu.

Mimi... hakuna.

Nikampigia Anastasie. Kwao ilikuwa saa nane na nusu usiku, nyuso zimebanana mbele ya simu moja. Mpango wangu ulikuwa kuwaonyesha dari na madirisha tu, kisha nikate, nisingizie mtandao.

Nikaonyesha matao. Wakaguna kwa kustaajabu. Nikaonyesha dirisha la duara juu ya mlango. Hapo mkono ukachoka, simu ikainama.

Mabenchi. Matupu yote.

Nikajua nimeumbuka.

Kisha Anastasie akaanza kulia.

"Yaya," alinong'ona, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya Mama?"

Nikatazama tena. Mbao tupu. Lakini harufu... haikuwa ya ubani. Ilikuwa moshi wa kuni mbichi, na udongo uliotoka kuchimbwa.

Ningeweza kusema hapana. Nilisema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo.

Benchi la mbele likalia, kriii, kama mtu anainuka. La pili. La tatu. Yakalia yote, hadi nilipokuwa nimesimama.

"Mbona wanakugeukia wewe?" Anastasie akauliza.

Nikamwuliza kama Mama yupo.

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Yupo. Anakuja kwako... Yaya, si amekushika mkono? Mbona humsalimu?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa peke yake. Sikusikia baridi, sikusikia kuguswa, hata hofu sikuisikia. Nikakata simu.

Mzee Mark alinifungulia mlango. Nilipofika kwenye ngazi za nje nikageuka. Alikuwa bado ameushika wazi, anainamisha kichwa, anainamisha tena, kwa adabu, kama anavyowaaga waumini wanaotoka.

Muda ulipita mrefu kabla hajaufunga.

Nimekwisha ungama kwa padri. Nimeandikisha misa na imesomwa, misa ya kweli. Anastasie sijamwambia, kambini wanasema hawajawahi kuona arobaini ya heshima kama ile.

Ila mkono wa kushoto umekufa ganzi tangu jioni ile. Maboksi yananiponyoka kazini. Daktari aliuchoma sindano vidole vyote vitano, damu ikatoka, mimi namtazama tu.

Kama Mama bado ameushika, au alikwisha kuniachia na kwenda zake, sina namna ya kujua.