Vitanda Vitano vya Pialta

Jumamosi asubuhi stesheni kuu ya Milano haina adabu. Watu wa milimani wamebeba kamba na fimbo, watu wa ziwani wamebeba taulo na vikapu, na wote wanaitaka treni moja, ile ya saa mbili na dakika ishirini inayopita Lecco kisha ikafuata ufuko wa ziwa Como. Anayesimama kufikiri hasafiri.

Ornella Vitali hakusimama. Alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa magauni ya maharusi, na siku hiyo ya Mei alivaa gauni la kitani la rangi ya limau, lenye mshipi mwembamba aliouviringa mwenyewe. Mikononi alishika boksi la keki za kumpelekea mama yake. Alikuwa anakimbilia mlango wa behewa mara akahisi mwili umekwenda na gauni limebaki. Kibano cha mkoba wa mwanamume mmoja mrefu kilikuwa kimeunasa mshipi.

"Kaka, unanivua nguo mbele ya watu."

"Samahani, dada. Usisogee, utachanika."

"Fundi ni mimi, najua utachanika wapi. Asiyetakiwa kusogea ni wewe."

Lakini kengele ilikuwa imelia na watu wanasukuma, basi wakapanda vivyo hivyo, wamefungana kama mbuzi wawili wa sokoni. Mpaka Monza, Ornella alikuwa anafumua uzi mmoja mmoja kwa mkasi wake mdogo, naye yule bwana ameshika boksi la keki juu ya kichwa, wala hajauliza limebeba nini.

"Unaitwa nani, wewe mnasaji?"

"Tarcisio. Tarcisio Arrigoni."

"Na kwa siku huwa unasema maneno mangapi?"

Akafikiri kweli. "Ya leo yameshakwisha."

Ornella akacheka mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka. Treni ikafika Lecco, wenye kamba wakateremka. Tarcisio alikuwa amesema kwao ni bondeni Valsassina, na wa huko huteremka Lecco. Treni ikaondoka, naye bado amesimama na keki zake.

"Si ungeshuka pale?"

"Ndiyo."

"Tumeshapita."

"Niliona."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wao, na kama mapenzi yangekuwa yanaishia kwenye mwanzo, ningekuwa na hadithi tamu tupu ya kuwapa.

Tarcisio alikuwa fundi wa tramu hapo Milano. Mchana, wenzake wakifungua mikate yao, yeye alikuwa akimpigia Ornella simu dukani alikoshonea akiwa bado na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Umekula, roho yangu?" Ornella humwuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini, mpenzi? Mimi nataka kusikia sauti yako, si orodha ya duka."

"Mkate na jibini," husema Tarcisio, kisha hunyamaza, kisha, taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani, "na nilikukumbuka." Ornella hukaa na hayo mawili matatu siku nzima, sindano mkononi.

Mwaka ukapita. Masika yaliyofuata ndipo Ornella alipotandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaibana kwa chupa ya mafuta na kopo la kahawa.

"Siku tatu ziwani Varenna, kwa mama yangu. Siku tatu mlimani Pialta, juu ya bonde la baba yako. Katikati ya Agosti, kila mtu yuko likizo. Wazee wetu wale pamoja, watembee pamoja, wajuane. Unaonaje?"

Tarcisio aliona vizuri kuliko alivyosema. Baba yake, mzee Battista, alikuwa na miaka sabini na minne. Ujanani alizipandisha mgongoni mbao za kuezekea ile nyumba ya wapanda mlima ya Pialta, safari arobaini na moja, na alitaka kupanda mara moja tu tena. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua akasema: kiangazi hiki panda, polepole, cha mwakani siahidi. Na Tarcisio alikuwa na lake moyoni, kwamba pale juu, baba yake akiwa ameketi anasikia, atamwomba Ornella wawe mume na mke.

Hakulisema. Aliweka kidole kwenye ramani, akasema, "Hapa pana chemchemi. Njia ina tope."

"Na mama yangu na miguu yake ile?"

"Mama yako tutamwacha kivulini na aiskrimu."

"Thubutu," akasema Ornella, akampiga na kitambaa cha vyombo, wakacheka. Angejua, asingecheka. Utani ule ulimkaa kichwani kama pini iliyosahaulika ndani ya pindo.

Kwa sababu mama yake, Ersilia, hakuwa anafanya mzaha na safari ile. Alikuwa mjane, amefua mashuka ya hoteli miaka thelathini, na miguu ilimvimba kila jioni. Binti alipompa habari alinunua viatu vya kupandia mlima, vyekundu, na kila asubuhi akawa anapanda na kushuka vichochoro vya ngazi vya Varenna, huku majirani wakimwuliza kutoka madirishani.

"Ersilia, umepoteza nini huko juu?"

"Nawatafuta wakwe," anajibu, anahema.

Walikuwa waende sita. Mzee Battista, Ersilia, wapenzi wetu wawili, na dada yake Tarcisio na mumewe. Tarcisio alipiga simu Pialta kuweka vitanda. Juni, Ornella naye akapiga, amwambie mwenye nyumba kwamba mama yake hali nyama ya sungura. Mwenye nyumba alikuwa Delfina, mwanamke wa sauti ya juu, maana huko juu hata jirani ni wa kuitwa kwa kelele.

"Arrigoni, Arrigoni, ninaye. Vitanda vitano."

"Sita, dada."

"Vitano. Nimeandika kwa mkono wangu, na siku hizo nimejaa mpaka darini. Ngoja, kuna watu wanataka kahawa." Akakata.

Ornella alibaki na simu sikioni. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena, na mara zote mbili kidole kilichobaki kilikuwa cha mama yake.

Akampigia Tarcisio kazini.

"Umeweka vitanda vingapi Pialta?"

"Vitano."

"Na sisi tuko wangapi?"

"Usijali. Nimeshapanga."

"Umepanga nini? Niambie."

"Ornella, niko chini ya tramu."

"Hata ungekuwa chini ya kanisa. Nani hana kitanda?"

Sauti ya nyundo ikasikika kwa mbali.

"Ni mama yangu, siyo? Aiskrimu na kivuli. Anapanda ngazi kila siku na miguu imemvimba kama mikate, ili watu wenu wasimwone mzigo, kumbe wenyewe mmeshampunguza."

"Unadhani naweza kumfanyia mama yako hivyo?"

"Sema basi kwamba hujamfanyia."

"Kama unaweza kunifikiria hivyo," akasema Tarcisio, "sina la kusema."

Sasa nikutegee kitendawili. Watu sita, vitanda vitano, hakuna waliobanana na hakuna aliyerudishwa nyumbani. Ni yupi hakuhesabiwa? Wajukuu zangu hutaja bibi, hutaja shemeji, mpaka wachoke. Ni yule anayehesabu. Delfina alipomwambia vimebaki vitano, Tarcisio alijibu, "Andika vitano, mimi nitalala kwenye benchi karibu na jiko." Bondeni kwao ndivyo ilivyo. Anayewaongoza wenzake mlimani ndiye anayekosa kitanda kikipungua, na hatangazi, maana akitangaza watu wataanza kumshukuru na kugombea benchi, na zawadi itakuwa imeharibika. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Haikumpitia akilini kabisa kwamba msichana wa ziwani, ambako watu husimulia hata walichoota, asingeyajua hayo bila kuambiwa.

Neno moja lingetosha. Tarcisio alikuwa nalo mdomoni siku kumi, na siku hizo kumi Ornella hakupokea simu. Siku ya kumi na moja alipokea, akasema safari imekufa, na mengine nayo. Tarcisio akasema, "Haya." Angalau angebisha.

Agosti ikaja. Milano ikawa tupu, maduka yote yameteremsha milango, na Ornella alikaa dirishani akishona gauni la mtu mwingine. Kule Valsassina mzee Battista aliuliza mara moja tu.

"Hatuendi?"

"Mwakani, baba."

"Mwakani," akasema mzee, akarudi kumenya viazi.

Februari kiharusi kilimkuta akiwa kwenye banda la kuni. Hakufa. Lakini upande wa kulia haukurudi, na maneno yake, ambayo hayakuwa mengi, yakabaki machache sana.

Ornella hakujua. Mwezi wa Mei simu yake ililia dukani akiwa na pini kumi mdomoni.

"Dada, ni Delfina wa Pialta. Namba yako ninayo tangu mwaka jana, ya sungura. Mnakuja safari hii? Mwaka huu ninavyo sita, kijana wako asije akalala kwenye benchi."

Ornella akazitema pini mkononi moja moja.

"Nani alikuwa alale kwenye benchi?"

"Si huyo Arrigoni wako. Nilikuwa nimeshamtengea blanketi mbili."

Alikaa chini katikati ya shela za watu. Mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo.

Kwanza alimpigia mama yake. Ersilia alisikiliza mpaka mwisho.

"Benchi," akasema. "Mimi nimelala juu ya meza za kupigia pasi miaka thelathini. Ningelala hapo mimi, na ningekoroma. Kwa nini hamkuniuliza, nyie watoto?"

Jioni hiyo Ornella alisimama kwenye lango la karakana ya tramu, na koti lake la kijivu, nywele amezifunga ovyo. Tarcisio alitoka na wenzake, akamwona, wenzake wakaendelea bila yeye. Alikuwa amekonda.

"Delfina amenipigia," akasema Ornella. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukunijua?"

"Nitakujuaje, Tarcisio? Wewe hufungui mlango, halafu unanuna kwamba watu hawaingii."

Akaangalia mikono yake. "Ni kweli."

"Na mimi nilikusingizia. Kwa utani mmoja, nikakuhukumu. Hilo pia ni kweli." Akamshika mkono wa koti. "Bado kuna kiangazi. Tumpeleke baba yako mwaka huu, nitambeba mimi mwenyewe."

"Baba hatembei tena," akasema Tarcisio.

Alimweleza yote hapo hapo langoni, Februari, banda la kuni, upande wa kulia. Huenda hajawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja, na Ornella alilia kwa kila moja. Hakuna aliyemwambia mwenzake si kosa lako.

Walikwenda Septemba, nusu nusu. Dada na mumewe hawakupata ruhusa kazini. Mzee Battista aliletwa Varenna na kiti chake cha magurudumu, akawekwa barazani kwa Ersilia, juu ya maji. Na Ersilia, aliyekuwa amefunga viatu vyekundu mpaka kamba ya mwisho, alimtazama mzee yule, akainama, akavifungua.

"Nendeni," akasema. "Mimi na mzee Battista tuna samaki wa kukaanga."

"Mama, umefanya mazoezi viangazi viwili."

"Basi ngazi zote nazijua. Nendeni."

Pialta ilikuwa tulivu, msimu unaisha. Delfina aliwapa polenta, ule ugali wao wa mahindi, na jibini lililoyeyuka, akawaonyesha chumba cha vitanda sita, wachague. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi walitoka nje na vikombe vya kahawa, wingu liko chini yao, ziwa halionekani. Tarcisio akakohoa.

"Nataka nikuoe, na kila kitu nitakuambia mwenyewe."

"Ndiyo," akasema Ornella. Wakasimama wameegemeana. Wote wawili waliangalia benchi la ukutani alipopaswa kuketi mtu wa tatu, na furaha yao ikapita kando yake polepole, kama watu wanavyopita mbele ya nyumba yenye mgonjwa.

Mchana walikuwa Varenna. Ersilia alimtazama binti yake usoni tu, akajua.

"Amesema?"

"Amesema, mama. Kwa mdomo wake."

"Maneno mangapi?"

"Saba."

"Mungu mkubwa," akasema Ersilia, akaenda kuficha macho jikoni.

Mzee Battista alimwita mwanawe kwa mkono wa kushoto. Tarcisio akainama akidhani anataka kumkumbatia. Mzee akamsukuma, akaonyesha chini. Ilichukua muda kumwelewa. Tarcisio akainua mguu, akaweka kiatu juu ya kiti, kando ya goti la baba yake. Mzee akakwangua tope la soli kwa kidole gumba, akalisogeza puani, akafumba macho.

"Chemchemi," akasema.

"Ndiyo, baba. Pale pale. Bado pana tope."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Ornella aligeukia maji.

Jioni chakula kikaja mezani, samaki na wali. Ersilia akachukua kitambaa chenye maji, amfute mgeni wake mkono kabla ya kula. Mzee Battista akaufumba, tope likiwa ndani. Ersilia akajaribu kwa upole kuvifungua vidole, vikakataa, akaacha. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto ameufumba. Tangu Februari mzee yule alikuwa hajakubali kulishwa na mtu, hata na bintiye. Jioni hiyo alifungua kinywa, na Ersilia akamlisha, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikaisha.