Kilio Alichokigawa Peninah

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya majabali ya Hatta, mbali na mji wa Dubai, wakati Peninah alipochukua ndoo kwenda kuteka maji. Mabomba ya loji ya wapanda mlima walimofikia yalikuwa yamekauka, na Mzee Hazim, mwangalizi wa loji, alimwonyesha tangi la mawe lililokuwa chini kidogo ya kilele.

"Nenda, mwanangu, urudi upesi," alimwambia kwa Kiunguja alichokirithi kwa wazazi wake. "Na ukisemeshwa huko, usijibu."

Resty, aliyekuwa akimenya vitunguu, alicheka. Alidhani ni utani.

Ni Resty, Mganda mwenye maneno mengi, aliyembembeleza waje huku. Wote wawili walikuwa walinzi wa jengo moja kule Jumeirah Lakes Towers, mjini Dubai. Mamake Peninah alipofariki kwao Mwingi, Kenya, likizo ilikataliwa, naye akayatazama mazishi kwenye simu akiwa amevaa sare. Hakudondosha chozi. Tangu hapo alikuwa kama mtu aliyekufa ganzi mwili mzima. Chakula hakikuwa na ladha. Akisalimiwa, aliitikia. Basi.

"Twende mlimani," Resty alikuwa amemwambia. "Pengine huko utalia."

Penye tangi palikuwa na mwanamke.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amempa mgongo, amejitanda shela nyeusi. Hewa ilinuka udongo mbichi... udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Lakini pale palikuwa mwamba mtupu.

"Umechoka kubeba," mwanamke alisema bila kugeuka.

Alisema Kikamba, lugha ya kwao Peninah.

Mtu mwingine angetupa ndoo akakimbia. Peninah alisimama tu.

"Kubeba nini?"

"Kilio cha mamako. Wewe hukitumii. Nipe mimi."

Upepo ulikoma. Maji yalidondoka ndani ya tangi... to... to... to...

"Chukua," Peninah akasema, kama anayempisha mwenzake kiti kwenye metro.

Mwanamke akarudisha mkono nyuma, akamshika. Baridi ilimpanda Peninah mpaka begani, ikashuka kifuani. Halafu hata baridi yenyewe hakuisikia tena. Alipopepesa macho, jiwe lilikuwa tupu.

Alirudi na maji. Wali ulipoiva, akaipua sufuria kwa mikono mitupu na kuileta mezani, taratibu, hatua kwa hatua.

Resty alisikia harufu ya nyama inayoungua.

"Peni! Mikono yako!"

Peninah aliitazama. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. "Haiumi," alisema.

Mzee Hazim aliweka kikombe chini. "Umemjibu," alinong'ona.

"Aliomba kilio changu. Nimempa."

"La haula!" Mzee akaukimbilia mlango, akatia komeo. "Yule hana kwao. Hana maiti wa kumlilia, hana jamaa. Hutafuta vya watu..."

Hakumaliza.

Nje, mtu alianza kulia.

"Mwaitu... mwaitu wee..."

Kilio kilipita dirishani, kikimwita mama kwa Kikamba. Kikazunguka nyuma ya jiko. Kikarudi mlangoni. Resty alishika rozari yake, akamgeukia mwenzake polepole. Midomo ya Peninah ilikuwa imefumbwa.

Lakini sauti ile ilikuwa yake.

"Kidai!" Mzee Hazim alimhimiza. "Mwambie ni chako, akurudishie. Sasa hivi, kabla hajanyamaza. Akinyamaza, khalas, hakirudi tena!"

"Sema, Peni!" Resty alimtikisa, machozi yakimtiririka. "Sema tu, ni changu!"

Peninah alifungua mdomo. Alitafuta ndani mwake sababu ya kukitaka. Alitafuta kwa dhati. Hakuipata.

"Mwacheni alie," alisema. "Analia vizuri."

Kilio kikakatika.

Hakuna aliyelala. Kulipopambazuka, Mzee Hazim aliwafungulia mlango bila kumtazama Peninah usoni. Walishuka mlima, Resty akiwa amebeba mizigo yote, wakapanda basi la kurudi mjini.

Njiani simu ya Peninah ililia. Alikuwa Teresiah, mdogo wake Peninah, kutoka Mwingi. Alinong'ona.

"Peni... uko wapi?"

"Dubai. Ndani ya basi."

Pumzi tu...

"Tere?"

"Umefika hapa alfajiri," Teresiah alisema. "Ulikuwa kwenye kaburi la mama, unalia, mpaka majirani wakaamka. Tumekuingiza ndani. Baba anafurahi, amekuchinjia kuku. Lakini nilipokukumbatia... Peni, sikusikia moyo ukidunda."

Nyuma ya Teresiah mlango ulisikika ukifunguka. Sauti ya Peninah, changamfu, yenye kicheko ndani yake, ikauliza:

"Tere, waongea na nani?"

Simu ikakatika.

"Ni nani?" Resty aliuliza.

"Nyumbani."

"Hawajambo?"

Peninah alitazama mchanga ukipita dirishani. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hupiga mayowe. Alingoja mayowe yaje.

"Hawajambo," akasema.