Kitanda cha Chumba cha Nne

"Tiketi moja," alisema mwanamke, akisukuma noti chini ya kioo.

Mkata tiketi alimtambua. "Shemeji, tangu lini mke wa mwongoza wageni analipa kiingilio? Ngoja nimwite."

"Usimwite. Nimekuja kumsikia akizungumza."

Mkata tiketi alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Tangu wamzike mtoto wao, miezi mitano sasa, mumewe alikuwa ametia mdomo kufuli. Alikula, alifua, alikifungua kitanda cha mtoto ubao kwa ubao akakitupa stoo, yote bila neno. Mke akilia, yeye anatoka nje. Na huku kwenye makumbusho mtu huyohuyo analipwa kwa kuongea kutwa. Mke alikuwa amechoka. Begi lake lilishafika kwenye gari la kaka yake, na kaka alishatuma ujumbe:

"Niko getini. Nakupa dakika ishirini, dada. Usije ukabadili mawazo humo ndani."

Alijitanda mtandio hadi puani, akajibanza nyuma ya wageni kumi na wawili. Jumba lilikuwa la mkuu wa wilaya wa enzi za mkoloni, kuta nene, sakafu ya mbao inayolalamika kila hatua. Na sauti ya mumewe, jamani, ilikuwa ileile iliyomteka zamani. Alieleza pingu, mizani, simu ya kuzungusha kwa mkono. Watu walicheka pale pa kucheka. Mke akakaza mtandio. Wageni wanapewa utani, yeye nyumbani anapewa mgongo.

Mlango wa chumba cha nne ulikuwa umefungwa.

"Hiki tunakipita," mumewe alisema.

"Kwenye tiketi kimeandikwa, mwanangu," alisema mama mmoja mwenye miwani, mwalimu mstaafu. "Tufungulie."

Alisita, akatoa funguo. Ndani mlikuwa na kitanda kidogo cha mbao nyuma ya kamba, na kadi ya maelezo.

"Hapa alilala mtoto wa mkuu wa wilaya," alianza. "Alizaliwa humuhumu. Aliishi siku tisa."

Mwalimu aliinamia kadi. "Samahani, mwanangu. Hapa wameandika miezi kumi na moja."

"Siku tisa," alirudia, kama hakumsikia. "Alipenda kushika kidole. Ukikitoa, analia. Siku ya tisa nilikitoa, hakulia."

Wageni walitazamana. Mwalimu akavua miwani.

"Ni siku tisa," mke alijikuta akisema kutoka nyuma. "Hajakosea."

Mumewe aliinua uso. Mke akashusha mtandio.

"Umekuja saa ngapi?"

"Niko tangu kwenye pingu. Mbona habari ya kidole hukuniambia?"

"Niliogopa. Nikifungua mdomo nitalia, na wewe ulikuwa unalia tayari. Nikasema angalau mmoja wetu asimame."

"Nani alikwambia nataka ukuta? Kuta ninazo nne. Nilitaka mtu wa kulia naye. Leo naondoka, begi liko kwa kaka."

"Najua. Nililiona asubuhi."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza," alisema, na machozi yakamtoka hapohapo, mbele za watu, mwanamume aliyebeba jeneza dogo mikononi bila kupepesa jicho.

"Twendeni," mwalimu aliwaambia wenzake taratibu. "Vyumba vilivyobaki tutajisomea kadi."

Simu ilitetema mkononi mwa mke.

"Dakika zimeisha. Unatoka au hutoki?"

Aliusoma ujumbe. Moyo ulikuwa bado mzito, na hasira haikuwa imeisha. Kisha akaandika: "Mwachie mkata tiketi begi langu, kaka."

Akaketi sakafuni kando ya kamba, akamvuta mumewe mkono naye aketi.

"Haya, nieleze," alisema. "Anzia siku ya kwanza."