Dakika Kumi za Bwana Saa

Ndugu zangu mlioajiri watu, na ninyi mnaoongoza hata watu watatu tu, vuteni viti. Nitasema ya nyumba yangu mwenyewe, maana ya jirani ni rahisi mno kuyasema.

Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Mume wangu anapiga pasi shati lake, binti yetu anatafuta kiatu cha pili, mimi nafunga aproni, kisha sote watatu tunaelekea kiwanda kimoja cha magodoro. Mimi napika kantini. Binti ni karani wa utumishi, ndiye anayetunza kumbukumbu za wafanyakazi: nani kaajiriwa, nani kaugua, nani kaacha kazi. Mume wangu ni msimamizi wa kitengo cha ushonaji, na kiwanda kizima kinamwita Bwana Saa. Miaka ishirini na sita hajachelewa hata mara moja.

Siri yake tuliijua sisi wa nyumbani. Saa yake ya mkononi na ile ya ukutani sebuleni zilikuwa mbele dakika kumi. Alizisogeza wiki aliyopata kazi, hakuzirudisha tena. Ukimwambia simu inasema vingine, anajibu kwamba simu inategemea mtandao, na mtandao wenyewe tunaujua. Tulikuwa tunacheka, basi. Hatukujua kuna watu walikuwa wanalizwa na saa hiyo.

Siku moja meneja alimwita binti yetu. Daftari la mahudhurio la ushonaji, ambalo Bwana Saa huliandika mwenyewe akiwa mlangoni, lilikuwa na wachelewaji wengi kuliko vitengo vingine vyote vikijumlishwa.

"Wale kina mama wamezoea," meneja akasema. "Niandalie barua tisa za kuwaachisha kazi. Jumatatu natangaza mbele ya wenzao."

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa fundi tunayemwita Mama Pacha, mshonaji mwepesi kuliko wote, anayelea watoto wake wawili peke yake.

Binti yangu hakuandika barua. Hapa mniruhusu nijisifu, kwa sababu mtoto huyu nilimzaa mimi. Alijiuliza: hawa wanachelewa kwa muda gani, na kwa nini ni wa kitengo kimoja tu? Pale getini kuna mashine ya alama za vidole inayoandika saa ya kila anayeingia. Kumbukumbu zake zilikaa kwenye kompyuta miaka minne bila mtu kuziuliza swali. Akaziweka kando ya daftari. Mama Pacha, Jumanne, kaingia getini saa moja na dakika ishirini na mbili. Kazi inaanza saa moja na nusu, na kutoka getini hadi ushonaji ni mwendo wa dakika tatu. Daftari linasema kafika saa moja na dakika thelathini na tano.

Akaangalia Jumatano, akaangalia mwezi, akaangalia mwaka. Kwa kila mtu, ukitoa ule mwendo, pengo lilikuwa lile lile, dakika kumi zisizo na mwenyewe. Akafungua fomu za walioacha kazi. Ushonaji walikuwa kumi na wanne katika miaka miwili, vitengo vingine wawili au watatu. Wengi wameandika kwamba wamechoka kuitwa wachelewaji, na wakilalamika wanaambiwa wanabishana na msimamizi. Binti akazirudia zile dakika kumi, akazitambua. Amekua nazo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, aliweka karatasi mbele ya baba yake.

"Baba, kesho nitaisoma hii mbele ya meneja. Nimeona uisikie hapa kwanza."

Mume wangu akasoma, akavua miwani. "Umenipekua mimi, baba yako?"

"Sijakupekua wewe. Niliuliza kwa nini watu wa ushonaji wanapoteza kazi. Jibu ndilo lililonileta nyumbani."

"Miaka ishirini na sita, mwanangu. Sijawahi kuchelewa."

"Najua, baba. Na wao hawajachelewa."

Akaondoka mezani. Niliogopa, nasema kweli. Tena nilimwonea haya binti yangu, kwa sababu saa ile ya ukutani niliifuta vumbi miaka yote bila kusema neno.

Jumatatu mkutano ulikuwa kantini, nami nagawa chai. Wale tisa walikaa benchi la mbele, Mama Pacha anakunja na kukunjua leso. Binti alisimama, karatasi mkononi. Kabla hajafungua mdomo, baba yake akanyanyuka.

"Meneja, naomba nianze mimi. Hawa hawakuchelewa. Saa yangu ndiyo iko mbele, na nilijua." Akaivua. "Mama Pacha, simu yako inasema saa ngapi?"

"Saa nne na dakika sita, msimamizi."

Akairudisha nyuma pale pale, mbele ya watu mia mbili. "Sasa soma, binti yangu. Soma yote, usiniruke."

Akasoma yote. Barua tisa hazikuandikwa. Iliandikwa moja ya onyo, ya mume wangu, na aliyeiweka kwenye jalada lake ni binti yake. Wale kumi na wanne walipigiwa simu na Bwana Saa mwenyewe. Sita wamerudi. Mmoja alimkatia simu, na mume wangu akasema huyo alikuwa na haki. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani katikati ya wawili hao, kichwa juu, sijui nijivunie yupi zaidi.

FUNZO

Usimhukumu mtu kwa kipimo ulichokirekebisha mwenyewe. Kumbukumbu za wafanyakazi si makaratasi ya kufukuzia watu, ni sauti zao. Ziulize kwa nini kabla hujauliza nani. Na jibu likikufikisha mlangoni kwako, lifungulie.

Saa yetu ya ukutani sasa inasema kweli. Mume wangu bado anafika kazini kabla ya wote, ila siku hizi inabidi aamke mapema kweli.