Hodi Kutoka Ndani

Jumatatu ile Hope aliandika "Shikamoo mama", na maneno hayakutokea mahali alipoyaandika.

Alikuwa akimjibu mama mmoja wa Tunduru aliyeulizia nafasi za masomo kwa ajili ya binti yake. Alibonyeza kwenye kisanduku cha majibu, akaona kijiti cha kuandikia kinapepesa ndani yake, akaandika, akainua macho. Kisanduku kitupu. Herufi zake zilikuwa zimeangukia kwenye dirisha jingine, dogo, jeupe, lililojibanza kwenye kona ya chini ya skrini, dirisha ambalo yeye hakulifungua. Na chini ya "Shikamoo mama" kulikuwa na neno ambalo vidole vyake havikuligusa.

Marahaba.

"Somoe," aliita bila kugeuka, "hiki kidude chako kimeniitikia."

"Mama Valerian, huo ni usingizi. Mwanao hajakulaza tena."

"Nimelala vizuri tu. Njoo uone."

Somoe alipofika, dirisha lilikuwa limeshajifunga.

Kidude kilikuwa chake kweli. Somoe, binti wa Mbagala wa miaka ishirini na minne, ndiye aliyekuwa mwandishi pekee wa programu katika ofisi ile ya kutengeneza tovuti, vyumba viwili juu ya karakana za maseremala wa Keko. Hope aliwajibu wateja, na alikuwa na mtoto wa miezi minne aliyemwacha kwa jirani yake Magurumbasi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Bosi alikuwa Gozbert. Watu watatu, basi.

Wiki mbili nyuma Gozbert alileta kazi ya chuo kimoja cha uuguzi kilichokuwa kinasaka wanafunzi. Alitembea huku na huku akitoa maagizo, mikono mfukoni.

"Mtu akishaingia kwenye ukurasa wa maombi, asitoke mpaka ajaze. Akibonyeza kurudi nyuma, arudi hapohapo. Akihamia ukurasa mwingine, dirisha letu limrukie usoni. Akilifunga, lifunguke jingine."

"Bosi, mtu ana haki ya kuondoka."

"Haki! Sikiliza, Somoe, hapa si kwenye mdahalo wa chuo. Hapa hakuna jaji."

"Ningekuwa na jaji ungeshashindwa."

"Ungekuwa na jaji ungekuwa huna ajira. Andika."

Tuwe wakweli: Somoe hakushindwa kwa hoja, alishindwa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Akaandika. JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa, haihitaji mistari mingi kumfungia mtu njia. Mstari mmoja unafungua dirisha, mwingine unalivuta mbele na kulikabidhi kibodi, mwingine unapanga kurasa za nyuma ili kila anayerudi ajikute alipokuwa.

Na vivinjari vyenyewe vina adabu kuliko waajiri wengine. Dirisha likitaka kujifungua bila mtu kubonyeza, kivinjari hulizuia mlangoni, kisha humuuliza mwenye kompyuta kama aliruhusu. Hiyo ni hodi, ni nini kingine? Lakini Gozbert alitaka ukurasa upimwe siku nzima bila usumbufu, akamwambia Hope abonyeze "Ruhusu daima". Hope akabonyeza. Karibu ikatolewa, isiyo na mwisho, na hakuna aliyeuliza anakaribishwa nani.

Chini kwa maseremala mambo hayakwenda hivyo. Somoe alizoea kumtazama fundi Marijani kutoka juu. Kila mlango uliokamilika, Marijani aliusimamisha kwenye fremu yake palepale barabarani, akapita kuingia, akageuka, akapita kutoka, kila upande na bismillahi yake. Mlango uliopitwa upande mmoja tu hakuukabidhi, hata mteja awe amekuja na gari na wapakiaji.

"Fundi, unaingia wapi na hakuna ukuta?" Somoe alimtania siku moja.

"Wewe cheka, mwanangu. Mie siuzi kitu cha kuingilia ambacho sijakitokea."

Somoe alicheka kweli. Na ukurasa wake aliupima mara arobaini kuingia. Kutoka hakupima hata mara moja, kwa sababu kutoka hakukuwepo.

Jumanne harufu ilianza. Vanishi ya chini ilikuwa inapanda kila siku mpaka wakaizoea. Hii ilikuwa nyingine, ya chumba kilichofungiwa miaka, ya nguo mbichi na maziwa yaliyochacha. Hope alijinusa mara tatu kwa aibu. Kisha wakasikia kipanya chake kikibofyeka chenyewe juu ya meza, taratibu, kwa kituo, kama mtu anayegonga kwa ukucha.

"Betri hiyo," alisema Somoe.

"Kina waya, Somoe."

Jumatano saa saba mchana Hope alichukua mkoba akaenda kunyonyesha. Sheria ya kazi inampa mama muda wa hadi saa mbili kila siku kwa jambo hilo. Gozbert alimpa nusu saa na akaiita hisani. Somoe alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kumi na moja, akasikia salamu yake kule chini, "Shikamoo fundi," akarudi kwenye kazi yake. Alipoinua macho, Hope alikuwa kwenye kiti chake, mkoba begani, anatazama skrini.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeshuka, Somoe. Nimemsalimia fundi. Nikakanyaga barabara. Kisha niko hapa."

"Sijasikia ukipanda."

"Sijapanda."

Akaondoka tena. Ngazi kumi na moja, salamu, kimya. Kiti kikalia kwii, na Hope alikuwa amekaa.

Mara ya tatu Somoe alimshika mkono, akaubana mpaka vidole vikauma, wakatoka pamoja, wakashuka pamoja wakihesabu kwa sauti, mkono wa Hope ukiwa wa moto na wenye jasho ndani ya wake, wakapita kwenye vumbi la mbao na kelele za msumeno, Hope akamsalimia fundi, wakakanyaga lami iliyokuwa inafuka jua, na Somoe akageuka kumwambia umeona, tumetoka, akakuta kiganja chake kimefumba hewa, na juu, kwenye dirisha la ofisi, uso wa Hope unamtazama.

Fundi Marijani alizima msumeno. "Mwenzenu ananiamkia mara ya ngapi leo? Kuna nini huko juu?"

"Fundi, njoo."

Walipopanda, blauzi ya Hope ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Alikuwa analia bila kupepesa macho, kwa kuwa kila alipojaribu kuyaondoa kwenye skrini kichwa chake kilirudishwa, polepole, kama na kiganja kisichoonekana.

"Mwanangu hajala tangu asubuhi," alinong'ona. "Jirani amepiga simu mara mbili. Anakataa chupa. Namsikia analia mpaka anakauka. Somoe, nitoe."

Simu ya mezani ililia. Gozbert, kutoka kwa mteja.

"Mwambie Hope nusu saa yake imebaki dakika nne."

"Bosi, Hope hawezi kutoka."

"Safi. Basi ajibu ujumbe." Akakata.

Kwenye skrini lile dirisha dogo lilikuwa limekuja mbele ya yote. Halikuwa dogo tena. Neno moja likajiandika, likashuka mstari, likajiandika tena.

Hodi. Hodi. Hodi.

"Linataka kuingia," alisema Somoe. "Fundi, usiitikie. Tafadhali."

Marijani hakuvuka kizingiti. Alisimama nje akiwa na penseli sikioni, akasoma kwa midomo, akauliza swali la kifundi kabisa. "Hicho ulichokitengeneza, binti, ulikipita?"

"Kuingia, ndiyo."

"Na kutoka?"

Somoe aligeukia skrini. Aliyatazama maneno tena, na safari hii alielewa kwamba kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimeshaingia zamani, tangu siku ya "Ruhusu daima", na kwamba kila kilipojaribu kurudi kilikotoka kilijikuta kwenye ukurasa uleule, siku ya kwanza, ya pili, ya tisa, kama wale waombaji wote wa Tunduru na Kigoma na Kilosa aliowafungia yeye, na sasa kimemshika wa karibu ili kisikae peke yake, au ili kitokee kupitia kwake.

"Hodi ya kutoka," alisema.

Alivuta kompyuta yake. Alifungua faili la msimbo, yaani mistari ya programu yake, akabonyeza kwenye mstari wa kwanza, akaanza kufuta. Hakikufutika kitu. Kila kibonyezo kilianguka kwenye skrini ya Hope, mle ndani ya dirisha jeupe. Akabonyeza tena kwenye faili, dirisha likarukia mbele. Mara tano, mara sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifundisha hivyo: mtu akienda pengine, mrukie usoni.

Akaacha kushindana. Akaandika mle mle lilimotaka aandike.

"Nataka kukufungulia njia. Niachie kibodi."

Misumeno yote ya Keko ilikuwa imenyamaza. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikawa nzito mpaka ikawa na ladha. Jibu likaja herufi moja moja.

Aliyefungua ndiye afunge.

Somoe alijua sheria hiyo. Aliisoma mwaka wa pili chuoni. Msimbo hauruhusiwi kufunga dirisha ambalo haukulifungua wenyewe. Alifikiri imeandikwa kwa ajili ya kompyuta tu.

"Nilifungua mie," aliandika. "Somoe. Mkono wangu."

Kijiti cha kuandikia kikazimika kule, kikaanza kupepesa kwake.

Akafuta. Akafuta mstari wa kurudisha watu nyuma, akafuta wa kuvuta dirisha mbele, akanyoosha mkono akafuta ruhusa ya daima kwenye kompyuta ya Hope, na mwisho akaandika mmoja tu wa kufunga, akausoma mara mbili. Alisimama kando ya kiti cha Hope, akaweka kidole kwenye kibonyezo.

"Pita," alisema kwa sauti. "Bismillahi. Pita utoke."

Alibonyeza. Dirisha likafungwa. Mlango wa ofisi ulijibamiza ukutani, na Marijani pale kizingitini akajisogeza kando haraka, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Kisha ngazi zililia, moja baada ya nyingine. Kumi na moja.

Hope ndiye aliyefuata. Alikimbia bila mkoba. Hakuna aliyesikia salamu safari hii. Somoe alimfuata mpaka Magurumbasi, asiuamini hata mgongo wake, na alimkuta kwenye baraza la jirani, mtoto kifuani, akinyonya kwa fujo na kukohoa.

"Sirudi kule," alisema Hope.

"Hata mie. Nikamwambie bosi tu."

Gozbert alirudi saa tisa. Alikuwa ameshaona kwenye simu kwamba watu walikuwa wanaingia kwenye ukurasa na kuondoka wanapotaka.

"Umefuta kazi ya mteja."

"Nimefuta mtego." Akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti.

Gozbert alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Majini. Msomi mzima, bingwa wa midahalo!"

"Bosi, sijaja kukushawishi kuhusu majini. Amini unavyotaka. Nakuomba jambo moja: nakala ya zamani unayo kwenye kompyuta yako, usiirudishe. Ukilifungua lile dirisha kwa mkono wako, mie sitaweza kulifunga. Hakuna atakayeweza."

"Asante kwa mchango wako," alisema Gozbert, akamwonyesha mlango.

Ijumaa saa nne asubuhi simu ya Somoe iliita. Fundi Marijani.

"Mwanangu, bosi wenu ananiamkia tangu saa mbili. Nimeacha kuhesabu."

Somoe alifika Keko jua likiwa kali. Mafundi wote walikuwa wamesimama nje, hakuna aliyeshika randa. Harufu ilifika mpaka barabarani. Walipokuwa wanatazama, Gozbert alitokea kwenye ngazi, tai imelegea, mkoba mkononi, anatembea upesi kama mwenye miadi, macho yamemtoka.

"Shikamoo mzee," alimwambia Marijani. Midomo ilikuwa imepasuka. Akamwona Somoe. "Somoe, funga. Funga, mdogo wangu, nakuomba..."

Alikanyaga lami, na pale alipokanyaga hapakuwa na mtu. Juu, kiti kikalia kwii.

Somoe alipanda. Ngazi ya saba, ya nane. Nakala safi ilikuwa kwenye mkoba wake, amekuja nayo, na alijua haitafaa kitu, kwani safari hii aliyefungua si yeye. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kabisa, umeegemea ukuta, na ndani yake, katika ule uwazi usio na ubao wala kitasa, mtu alikuwa anagonga.

"Hodi," alisema Gozbert.

"Hodi," ikasema sauti nyingine nyuma yake, laini, yenye adabu, karibu zaidi.

Somoe aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akashuka kinyumenyume, ngazi moja moja. Tangu utotoni, kwa neno hilo, alikuwa amefundishwa jibu moja tu.